Utafiti wa Kilimo ni wa Nani? Nafasi ya Mashirika ya Wakulima katika Utafiti na Maendeleo ya Vijijini

UTANGULIZI

Kingolwira iko mashariki ya mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kando ya reli ya kati ambayo ilifika Morogoro kutoka Dar es Salaam mwaka 1907. Leo kata hiyo imo ndani ya Manispaa ya Morogoro, lakini watu wake wengi bado wanaishi kwa jembe. Wanalima mahindi, mtama, mihogo na mboga, wakingojea mvua za vuli na za masika kama walivyongoja wazee wao.

Mkulima wa Kingolwira ana majirani ambao wakulima wengi wa Afrika hawanao. Katika mwendo usiozidi kilomita ishirini kutoka shambani kwake kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Mjini Morogoro yako makao makuu ya Taasisi ya Kuthibiti Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI) na ya Wakala wa Mbegu za Kilimo (ASA). Katika mkoa huo huo, wilayani Kilosa, kipo Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Ilonga. Kama ukaribu wa barabara ungetosha kuleta maendeleo, basi Kingolwira na vijiji vyote vya chini ya Uluguru vingekuwa vimeshaaga umaskini zamani.

Lakini sivyo hali ilivyo. Ukaribu wa barabara si ukaribu wa madaraka. Mtu anaweza kuishi kando ya chuo kikuu asiwe na njia hata moja ya kukiambia chuo hicho kichunguze nini. Makala hii ina nia ya kueleza kwa nini mashirika ya wakulima ni ya lazima katika utafiti wa kilimo, historia ya milima ya Uluguru inatufundisha nini juu ya jambo hilo, na kazi ya kada ni ipi. Hoja yetu ni moja: shirika la wakulima si bomba la kupitishia mashauri ya wataalamu kutoka juu kwenda chini. Ni chombo cha mkulima cha kuuliza swali, kusimamia jaribio, kuamua matokeo, na inapobidi, kukataa.

1. UTAFITI NI UHUSIANO KATI YA WATU

Tumezoea kufikiri kwamba utafiti ni kazi ya maabara tu: udongo, mbegu, darubini na hesabu. Hiyo ni sehemu moja. Utafiti pia ni uhusiano kati ya watu, na kama uhusiano wowote wa uzalishaji, unaweza kuwa wa haki au wa kinyonyaji. Ili kuutambua, kada ajiulize maswali manne kila anaposikia kwamba mradi wa utafiti umefika mahali:

(a) Nani aliuliza swali? Je, ni mkulima mwenye shida, au ni mtu wa mbali mwenye fedha?

(b) Ardhi na jasho la nani vinatumika katika jaribio, na jaribio likishindwa nani anabeba hasara?

(c) Nani anaamua kwamba matokeo ni mema? Mbegu inaweza kuwa na mavuno makubwa na bado ikawa mbaya kwa mama anayetaka unga mweupe, nafaka isiyobunguliwa ghalani, na bua la kulishia mbuzi.

(d) Nani anamiliki kinachopatikana: mbegu, ujuzi, takwimu na faida?

Mkulima mmoja mmoja hawezi kujibu maswali haya kwa manufaa yake hata awe hodari namna gani. Mtafiti akimwendea mkulima mmoja, mkulima huyo hutazama kwanza posho, mbegu za bure na heshima ya kutembelewa na gari. Lakini mtafiti akikutana na shirika lenye wanachama, kumbukumbu na viongozi waliochaguliwa, mazungumzo hubadilika. Hapo pande mbili zinapatana.

2. URITHI TULIOACHIWA NA UKOLONI

Utafiti wa kilimo katika nchi yetu ulianza kwa ajili ya wengine. Wajerumani walianzisha kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902. Waingereza wakafuata: katika miaka ya 1930 walianzisha kituo cha mkonge huko Mlingano na kituo cha kahawa huko Lyamungu, na katika miaka ya 1940 kituo cha Ilonga, ambacho kazi yake kubwa ilikuwa pamba. Tazama orodha hiyo: mkonge, kahawa, pamba. Mtama, mihogo na maharage, yaani vyakula vya mwananchi, vilikuja nyuma sana katika hesabu za mkoloni.

Wataalamu hao wengi wao walikuwa watu wenye bidii, na baadhi ya kazi zao zinatufaa hadi leo. Lakini swali la utafiti liliulizwa na soko la Ulaya, na jibu lake lilikwenda huko huko. Hata pale mkoloni alipojishughulisha na shamba la chakula la Mwafrika, alikwenda na amri mkononi. Mfano mkubwa wa hayo umo Uluguru, na kada hana budi kuujua vizuri.

3. FUNZO LA ULUGURU, 1950 HADI 1955

Milima ya Uluguru ni mirefu na miteremko yake ni mikali. Kutoka humo hutoka maji ya mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam, na pia mto Ngerengere unaopita katika nchi ya chini. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, watawala wa Kiingereza waliona kwamba udongo wa milima unachukuliwa na mvua. Mwaka 1950 wakaanzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Nguzo ya mpango huo ilikuwa matuta ya ngazi: kila mlipa kodi alitakiwa achimbe mteremko wa shamba lake uwe vidaraja vilivyo sawasawa. Aliyekataa alishtakiwa katika baraza la wenyeji na kutozwa faini.

Tuwe waangalifu hapa. Tatizo lenyewe lilikuwa la kweli. Tarehe 23 Februari 1970, miaka mingi baada ya mpango huo kufa, mvua kubwa ya saa chache iliiangukia Mgeta na kuleta maporomoko ya ardhi yapatayo elfu moja. Karibu yote yalitokea kwenye mashamba na kwenye nyasi, na machache mno yalitokea chini ya msitu. Kwa hiyo anayesema kwamba mtaalamu wa kikoloni aliubuni mmomonyoko kutoka kichwani anajidanganya.

Kosa lilikuwa katika dawa, na katika njia ya kuitoa. Sababu zilikuwa nne.

Kwanza, sababu ya udongo. Udongo wenye rutuba katika sehemu nyingi za Uluguru ni tabaka jembamba la juu. Kuchimba matuta ya ngazi kulileta juu udongo mfu wa chini na kuuzika ule wenye rutuba. Mkulima aliyetii amri alivuna pungufu ya jirani yake aliyekaidi. Hakuhitaji shahada kulijua hilo, maana alilipima kwa debe.

Pili, sababu ya kazi. Kuchimba matuta kulichukua siku nyingi za nguvu kazi wakati ule ule ambapo shamba la chakula lilihitaji mikono. Sehemu kubwa ya mzigo huo iliwaangukia wanawake.

Tatu, sababu ya ardhi. Kwa mila ya Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama. Watu waliona Serikali inapima, inachimba na kuamuru katika ardhi ya koo, wakashuku kwamba hatua itakayofuata ni kunyang'anywa. Katika nchi iliyokuwa imeshuhudia mashamba makubwa ya mkonge yakikatwa tambarare, shuku hiyo haikuwa ya kipumbavu.

Nne, na hili ndilo linalohusu makala hii, Waluguru walikuwa na ujuzi wao. Kwa muda mrefu walikuwa wakilima kwa ngazi zao wenyewe: mkulima hukata magugu, huyalaza kwa mistari kukata mteremko, kisha huvuta udongo wa juu na kuyafunika. Magugu huoza yakawa mbolea, na vijingazi vidogo hupunguza kasi ya maji. Njia hiyo ilikuwa na kasoro zake, hasa pale watu walipozidi na ardhi ilipokosa kupumzishwa. Lakini ilikuwa mahali pazuri pa kuanzia utafiti. Mtaalamu angeuliza: njia hii inashindwa wapi, na tuiimarisheje? Swali hilo halikuulizwa kwa uzito, kwa sababu hapakuwa na chombo ambacho mkulima angeweza kulisemea. Watemi na wakuu wa koo walikuwa wamegeuzwa kuwa wapeleka amri.

Mkulima alipokosa chombo cha kusemea, alisema kwa njia nyingine. Mwezi Julai 1955 wananchi walikusanyika Matombo kupinga matuta. Polisi walifyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo mpango wa kulazimisha matuta ulivunjika. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ilipata Uluguru watu waliokwisha jifunza kwa mwili wao maana ya kutawaliwa.

Kada asilichukue tukio hili kama hadithi ya ushujaa tu. Ni funzo la kisayansi vile vile. Mkulima akinyimwa nafasi ya kusahihisha utafiti mwanzoni, atausahihisha mwishoni kwa kuukataa, na gharama ya kuukataa ni kubwa kwa pande zote. Katika Uluguru, kwa miaka mingi baada ya 1955, hata mashauri mazuri ya kuhifadhi udongo yalipokewa kwa shaka, kwa kuwa watu waliyakumbuka matuta.

4. BAADA YA UHURU: MAFANIKIO NA MAKOSA

Uhuru ulibadilisha mwelekeo wa utafiti. Azimio la Arusha la 1967 na siasa ya Siasa ni Kilimo ya 1972 vilimweka mkulima katikati ya mipango ya Taifa. Kitivo cha Kilimo kilianzishwa Morogoro mwaka 1969, na mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu kinachojitegemea, kikapewa jina la Ndugu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki mwaka huo huo kwa ajali huko Dakawa, mkoani Morogoro. Utafiti wa mahindi ulipewa uzito uliostahili, na katika miaka ya 1980 zilitoka aina kama Kito, Kilima na Staha. Mafanikio haya si madogo.

Lakini nadharia isiyojikosoa hugeuka kasumba. Katika kipindi hicho tulizungumza sana juu ya mkulima, na mara nyingi tulisahau kuzungumza naye kupitia vyombo alivyoviunda mwenyewe. Mifano miwili yatosha. Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichojengwa na wakulima wa Litowa na vijiji vingine kwa misingi ya ujamaa, kilifutwa mwaka 1969. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao. Ni kweli kwamba vyama vingi vilikuwa na ubadhirifu na vilitawaliwa na wachache. Lakini dawa ya shirika lenye ugonjwa ni wanachama kulitibu, na si kuliondoa na kumwacha mkulima mikono mitupu. Sheria ya 1982 ilirudisha ushirika, na hiyo ni hukumu ya historia juu ya uamuzi wa 1976.

Tukaunda pia Jumuiya ya Washirika kama mojawapo ya jumuiya za Chama. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo shirika linalopokea uongozi wake kutoka juu haliwezi kupeleka juu habari ambazo juu hakuzitaki. Na habari ambazo mtafiti anazihitaji kuliko zote ni zile zisizopendeza: mbegu uliyotuletea imebunguliwa, mbolea uliyotuamuru haifai udongo wetu. Mpango wa Taifa wa Mahindi wa miaka ya 1970, uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ulipeleka pembejeo vijijini kwa mafungu yaliyofanana wakati udongo na mvua havikufanana. Vyombo vya kuwaeleza wakubwa jambo hilo mapema vilikuwa dhaifu.

5. MKULIMA ANAJENGA CHOMBO CHAKE

Mwaka 1993 wakulima 22 kutoka mikoa kadhaa, ukiwamo Morogoro, walikutana kwa msaada wa wataalamu wa SUA na kuanzisha Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania, yaani MVIWATA. Makao yake makuu yakawa Morogoro. Shabaha ya kwanza ilikuwa ndogo kwa kuitazama: wakulima wabadilishane ujuzi wao kwa wao badala ya kungoja yote yatoke kwa Bwana Shamba. Wito wao ukawa kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe.

Mwaka huo huo, huko Ubelgiji, mashirika ya wakulima wadogo ya nchi mbalimbali yaliunda umoja uitwao La Vía Campesina, ambao baadaye MVIWATA ilijiunga nao. Mambo haya mawili yalitokea pamoja kwa sababu moja. Baada ya sera za kubana matumizi zilizoletwa na Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia, dola nyingi ziliondoa mkono wao katika kilimo. Ruzuku zilikatwa, mamlaka za mazao zikafa, mabwana shamba wakapungua. Mkulima aliachwa uso kwa uso na soko. Hapo akaona kwamba asipojiunga na mwenzake atamezwa.

Katika eneo letu tunaona aina tatu za kazi ambazo shirika la wakulima hufanya na mtu mmoja hawezi.

Ya kwanza ni kuifanya mbinu mpya iwezekane. Tuchukue kilimo shadidi cha mpunga, ambacho watafiti wa SUA na wakulima wa skimu ya umwagiliaji ya Mkindo, wilayani Mvomero, wamekifanyia majaribio. Katika kilimo hicho miche hupandikizwa ikiwa michanga, mmoja mmoja, kwa nafasi pana, na shamba hupewa maji kwa vipindi badala ya kufurikwa wakati wote. Mbegu hupungua na maji huokolewa. Sasa tafakari: mkulima mmoja atakaushaje jaruba lake ikiwa maji ya jirani yanapita humo? Zamu ya maji lazima ipangwe na wote na iheshimiwe na wote. Bila umoja wa watumiaji maji wenye nguvu, mbinu hiyo inabaki karatasini.

Ya pili ni kulinda matunda ya utafiti yasiporwe sokoni. Huko Mgeta wakulima wamelima mboga kwa ustadi kwa miaka mingi. Lakini mkulima akiongeza mavuno na mlanguzi akaongeza kimo cha gunia, faida ya utafiti inaishia katika lumbesa. Ndiyo maana mashirika ya wakulima yaliingia katika kazi ya masoko, kama soko la Nyandira huko Mgeta na soko la nafaka la Kibaigwa mkoani Dodoma, ili bidhaa ipimwe na bei ijulikane. Mtafiti anayesema kwamba soko si kazi yake hajauelewa utafiti wake.

Ya tatu ni kuutunza ujuzi kwa miaka mingi. Mbuzi wa maziwa kutoka Norway waliletwa SUA mwaka 1983, na kuanzia mwaka 1988 wakapelekwa Mgeta, ambako baridi ya mlimani iliwafaa. Mradi una mwanzo na mwisho, lakini mbuzi huzaa kila mwaka. Kuchagua dume, kuzuia ndugu kupandana, kuandika kumbukumbu za maziwa: kazi hizi zinahitaji wafugaji walioungana, ambao watakuwapo mfadhili akishaondoka.

6. MIFANO YA NJE

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa maharage nchini Rwanda waliwaalika wanawake wakulima, waliojulikana na wenzao kwa ujuzi wa mbegu, waje katika kituo cha utafiti wazichague wenyewe aina zilizokuwa bado katika majaribio. Wanawake hao walitazama mambo mengi kuliko watafiti: jinsi mmea unavyovumilia kivuli cha migomba, muda wa kupikika, ladha ya majani. Aina walizozichagua zilifanya vizuri katika mashamba yao. Kazi hiyo ilivurugwa na vita na mauaji ya kimbari ya 1994, lakini ilikwisha thibitisha kwamba mkulima anaweza kuingia ndani ya utafiti mapema, kabla mambo hayajaamuliwa.

Nchini Kuba, baada ya misaada ya Urusi kukatika, chama cha wakulima wadogo kiitwacho ANAP, kilichoundwa mwaka 1961, kilianzisha mwaka 1997 harakati za mkulima kumfundisha mkulima. Mbolea na mafuta vilikuwa haba, hivyo ujuzi wa shambani ukawa mali ya Taifa. Harakati hizo zilienea haraka kwa sababu chama kilikuwa tayari kina wanachama na mizizi nchi nzima. Shirika lilitangulia, na mbinu ikapita juu ya mgongo wake.

7. MBEGU: MGONGANO WA LEO

Mahali ambapo swali la nani anamiliki linaonekana wazi zaidi leo ni katika mbegu. Na kwa kuwa vyombo vya mbegu viko Morogoro, mkulima wa Kingolwira yuko karibu kabisa na mgongano huo.

Sheria ya Mbegu ya 2003 ilifungua njia ya mbegu za kuazimiwa ubora. Kwa utaratibu huo wakulima wadogo wanaweza kuzalisha mbegu ya aina iliyosajiliwa, chini ya ukaguzi, na kuiuza kwa majirani zao. Hii ni nafasi kubwa kwa kikundi kilichojipanga. Mbegu inakuwa karibu, bei inakuwa nafuu, na faida inabaki kijijini. Kikundi kinachozalisha mbegu pia kinapata sauti kituoni Ilonga, maana sasa ni mshirika wa kazi na si mpokeaji wa msaada.

Kwa upande wa pili, mwaka 2012 ilitungwa Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Aina Mpya za Mbegu za Mimea, na mwaka 2015 nchi yetu ikajiunga na umoja wa kimataifa wa kulinda haki hizo. Wanaoitetea wanasema kwamba mgunduzi asipolindwa hatagundua. Hoja hiyo ina uzito, na hata vituo vyetu vya umma ni wagunduzi. Lakini mashirika ya wakulima yamehoji, kwa haki, nini kitatokea kwa desturi ya kupeana mbegu jirani kwa jirani, desturi ambayo ndiyo iliyozihifadhi aina zetu za asili za mtama, kunde na mpunga. Aina mpya hutengenezwa kwa kutumia aina za zamani. Aliyezitunza za zamani kwa vizazi vingi hatajwi katika hati ya haki.

Hatusemi kwamba mgongano huu una jibu rahisi. Tunasema kwamba ni mgongano wa kimasilahi, na katika mgongano wa kimasilahi upande usio na shirika hushindwa kabla kikao hakijafunguliwa. Makampuni yana wanasheria na vyama vyao. Mkulima naye awe na chake.

8. HATARI ZILIZOMO NDANI YA MASHIRIKA

Kada akisifu mashirika ya wakulima bila kuyachunguza atakuwa amewasaliti wakulima. Hatari ziko tatu.

Hatari ya kwanza ni ya kitabaka. Neno mkulima huficha tofauti kubwa. Mwenye ekari mia na trekta ni mkulima, na mjane mwenye nusu ekari ya kukodi pia ni mkulima. Shirika lisipojihadhari, mwenye trekta huwa mwenyekiti, jaribio huwekwa shambani kwake kando ya barabara, na matokeo huitwa matokeo ya wakulima. Karibu na mji, kama Kingolwira ambako viwanja vya nyumba vinakula mashamba, tofauti hii inazidi kila mwaka.

Hatari ya pili ni ya kutegemea wafadhili. Shirika linaloishi kwa fedha za mradi huanza kuuliza maswali ya mfadhili kwa sauti ya mkulima. Ada ya mwanachama, hata ikiwa ndogo, ndiyo msingi wa uhuru wa shirika.

Hatari ya tatu ni ya kutumiwa kama muhuri. Siku hizi kila andiko la mradi lina neno ushirikishwaji. Wakulima huitwa ukumbini, hupewa chai, hutia sahihi ya mahudhurio, na sahihi hiyo inahesabiwa kuwa ridhaa. Ushirikishwaji usio na uwezo wa kukataa ni ule ule wa 1950, isipokuwa faini imebadilishwa kuwa posho.

9. KAZI YA KADA

Kutokana na uchambuzi huu, kazi za kada katika tawi na kata ni hizi:

(i) Kuhakikisha kwamba maswali ya utafiti yanatoka mikutanoni. Kila mwaka kabla ya vuli, vikundi vya wakulima vikae viorodheshe shida zao tatu kubwa za kilimo, viziandike, na vizipeleke SUA au Ilonga kwa barua inayotaka jibu.

(ii) Kusimamia mapatano ya majaribio yaandikwe: shamba la nani, kazi ya nani, na jaribio likiharibika nani atafidia chakula cha mwaka huo. Mwenye kaya hawezi kula takwimu.

(iii) Kudai matokeo yarudi kwa Kiswahili, mbele ya waliotoa ardhi na jasho, kabla hayajapelekwa kwingine. Mwanafunzi anayechukua shahada kwa ujuzi wa watu wa Uluguru asiwarudishie kitu ametenda kama mfanyabiashara aliyebeba mkonge.

(iv) Kuhakikisha kwamba wanawake, ambao Uluguru ndio nguzo ya ukoo na ya shamba, wanakuwa katika uongozi na katika uchaguzi wa mbegu, wala si katika jiko la semina tu.

(v) Kulinda uhuru wa mashirika. Chama kina wajibu wa kutoa mwongozo wa siasa, na wanachama wake waliomo katika mashirika wawe mfano wa uadilifu. Lakini Chama kisiyameze mashirika hayo. Tumekwisha jaribu, na tunayajua matokeo.

(vi) Kufuatilia fedha. Tangu mwaka wa fedha wa 2022/23 bajeti ya Wizara ya Kilimo imeongezwa zaidi ya mara mbili ya ilivyokuwa mwaka uliotangulia, na utafiti ni miongoni mwa maeneo yaliyonufaika. Fedha zikiongezeka bila wakulima kuwa na sauti katika matumizi yake, zitaimarisha uhusiano ule ule wa zamani kwa magari mapya.

HITIMISHO

Mwaka 1955 mkulima wa Matombo alilazimika kusimama mbele ya bunduki ili aseme jambo ambalo angeweza kulisema kikaoni: kwamba udongo uliochimbuliwa hauzai. Nchi huru ambayo bado inamnyima mkulima kikao hicho inabaki na sehemu ya ukoloni ndani yake, hata kama mtafiti ni mtoto wa mkulima huyo huyo. Na nchi inayompa kikao hicho inapata watafiti mamilioni, wenye maabara katika kila mteremko na kila bonde. Kujenga kikao hicho, kutoka mtaa hadi Taifa, ni kazi ya siasa kabla ya kuwa kazi ya kilimo. Na hiyo ni kazi yetu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kata yako, utafiti wa mwisho wa kilimo ulihusu nini, na nani aliuliza swali lake?

2. Tofautisha kati ya kushirikisha wakulima na wakulima kuwa na madaraka. Toa mfano wa kila kimoja.

3. Kwa nini kuvunjwa kwa vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976 hakukuwaondolea wakulima wanyonyaji?

4. Jadili: je, haki ya mgunduzi wa mbegu na haki ya mkulima kupeana mbegu zinaweza kukaa pamoja? Kwa masharti gani?